Mbabula Yenye Mlango wa Kushoto

Chef Mwepu amekufa, na mimi nimenunua kitenge kipya. Naliandika hilo mwanzoni kabisa ili msomaji asije akanidhania mama mwema. Habari ilinikuta nyuma ya nyumba nikichambua sombe, majani ya muhogo. Jirani yangu alichungulia juu ya ukuta, uso ameukunja kama inavyotakiwa, akasema, "Mama Odile, munasikia? Tata Mwepu ya breveti amelala." Nikamjibu, "Aksanti sana." Akafikiri huzuni imenichanganya akili, akaanza kunipa pole. Nikamwachia sombe amalizie yeye, nikaenda sokoni nikachagua kitenge chenye maua ya njano, cha harusi kabisa, nikampelekea fundi cherehani na kumwambia aache kazi nyingine zote. Kilio hakiningoji mimi, na nilitaka nifike nyama ikiwa bado ipo.

Kwa wasiotujua, mji wetu wa Kolwezi, huko Katanga, ulikuwa na ofisi ndogo ya serikali iliyoshughulika na breveti. Breveti ni karatasi inayotamka kwamba kitu fulani kilibuniwa na mtu fulani, na kwamba mwingine asije akakifanya chake. Ofisi hiyo ililetwa kwetu kwa sababu ya mafundi wa kampuni ya shaba, watu ambao walikuwa hawatulii: leo mmoja kaleta valvu ya pampu, kesho mwingine kaleta kifaa cha kunyooshea reli, na mmoja, Mungu amrehemu, alileta mtego wa panya uliokuwa mkubwa kuliko meza yangu. Mimi nilikuwa mpiga mashine pale, daktilo kama tulivyosema wenyewe, na kiongozi wetu, yaani chef kwa Kifaransa, alikuwa huyu Mwepu, mtu wa suti ya kijivu, sauti ya chini na mikono misafi sana. Nilimheshimu. Hilo nalo linaniuma.

Tulikaa katika villa ya zamani ya mzungu mmoja wa kampuni, na kwa kuwa serikali haikutuletea fenicha, tuliitumia nyumba jinsi tulivyoikuta. Mafaili yalisimama wima ndani ya beseni kubwa la kuogea, na mtu akihitaji faili lake ilibidi nipige magoti kwenye vigae. Chef alichukua chumba cha kulala. Kabati la nguo likawa la vitabu vya sheria, na palepale penye ndoano za kutundikia makoti alitundika koti lake. Mimi nilikaa koridoni, mbele ya mlango wake uliokuwa umepinda na haufungiki sawasawa, kwa hiyo yaliyosemwa ndani yalinifikia yote hata nilipokuwa sitaki kuyasikia. Jikoni tuliweka mifano, maana kila mwombaji alitakiwa alete kitu chenyewe tukione kikifanya kazi. Kwenye baraza alikaa Tata Kapenda, mjumbe wa ofisi, aliyeimba besi katika kwaya ya kanisa lake. Kila mwaka shule zilipofungwa, wazazi walimjazia baraza wakidai breveti za watoto wao, kwa sababu kwetu neno hilo ni la cheti cha shule pia. Tata Kapenda aliwarudisha kwa upole. "Mama, hapa haiko masomo. Hapa ni ya batu bale banatoa kitu mu kichwa yabo."

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kuita. Faili likiwa na kasoro, Chef alibandika wito mlangoni: fulani aje mwenyewe siku fulani kutetea kitu chake. Siku hiyo ikifika, Tata Kapenda alisimama ukingoni mwa baraza, akavuta pumzi, akaliita jina la mtu yule mara tatu kuelekea barabarani, na wauza karanga wa ng'ambo walisimama kumsikiliza. Kisha Chef aliuliza kutoka chumbani, bila kuinua kichwa, "Alikuya?" Kama mtu hakuonekana, Tata Kapenda alijibu, "Hakukuya, Chef." Na Chef alimaliza, "Dossier inafungwa." Katika miaka ya kawaida huo ulikuwa mchezo tu. Mwenye faili alikuja wiki iliyofuata na kuku kwapani, akaomba radhi, na faili likafunguliwa tena. Hakuna aliyewahi kulia kwa sababu ya kuitwa.

Yaya Mukendi, kaka yangu mkubwa, alikuwa fundi wa kulehemu katika karakana ya kampuni. Mishahara ilipoanza kuchelewa na wake za wafanyakazi wakaanza kulalamikia bei ya makala, yaani makaa, alijifungia uani mwake akatengeneza mbabula, lile jiko la makala ambalo hakuna nyumba ya Katanga isiyokuwa nalo. Ila hii yake ilikuwa nyingine. Ilikuwa na kuta mbili za bati la pipa, na katikati alishindilia udongo wa kichuguu aliouchanganya na majivu, na chini aliweka mlango mdogo wa kupitisha hewa na kutolea majivu. Ukiwasha asubuhi, mchana makala yale yale bado yanapika. Yaya alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Walimu walimchapa sana, na hakubadilika. Basi mlango ule mdogo aliuweka upande wa kushoto, na mpini wake aliupinda kwa kufuata kiganja chake mwenyewe. Mtu wa mkono wa kulia akitaka kuufungua alilazimika kupitisha mkono mbele ya moto. Nilimwambia, "Yaya, batu batajichoma." Akacheka. "Batazoea."

Alipoileta ofisini nilikuwapo. Chef alimuuliza maswali ya kawaida, nami nikayapiga mashine. Lilipofika swali la origine, yaani kitu hiki kimetoka wapi, ni kipya au kimeigwa, Yaya akajigonga paji la uso kwa kidole. "Kichwa yangu, Chef." Tulicheka wote, na Chef alicheka kuliko sisi. Mbabula ikawekwa jikoni pamoja na mifano mingine ikingoja jibu kutoka Kinshasa. Na kwa kuwa na sisi pia tulikuwa hatulipwi, tulianza kuitumia. Kila mmoja alileta alichonacho, huyu unga, huyu samaki wadogo, huyu mafuta ya mawese kwenye chupa ya bia, na mchana tulisonga bukari, ugali wetu, palepale jikoni juu ya mbabula ya kaka yangu. Chef alikuwa wa kwanza kunawa mikono. Alikula akiitazama ile mbabula, akageuza sahani, akaitazama tena. Mimi, mjinga, nilidhani anafurahia chakula.

Halafu ukaja mwaka ule. Kampuni ilikuwa imelala chali, mashine zimesimama, malori yamevuliwa magurudumu, na wakubwa walihitaji mtu wa kumtupia lawama. Wakatuchagua sisi wa asili ya jimbo jirani la Kasai, ambao babu zetu waliletwa na kampuni yenyewe kuchimba shaba hiyo hiyo. Vijana wa chama cha wakubwa hao walipita mitaani wakiimba kwamba sisi ni bilulu, wadudu, na wadudu hufagiliwa. Neno origine likatoka ofisini kwetu likaingia mjini. Ukienda kununua mkate, "Origine?" Ukimpeleka mtoto hospitali, "Origine?" Mimi nilinusurika kwa sababu nilibeba jina la mume wangu, Mlunda wa Kasaji; jina la Madame Muteba halikuwanukia Kasai. Nimewahi kuulizwa na wajukuu ofisi ya serikali ilifanyaje kazi katika mwaka mgumu kama ule. Nawajibu kwamba haijawahi kufanya kazi vizuri vile. Posta ilikufa, benki ikafungwa, shule zikawa kambi, na sisi tulifika kila asubuhi saa ya kazi, tukapiga mihuri, tukafunga mafaili kwa bidii ambayo Kinshasa ilitusifia kwa barua.

Yaya alikuja kuulizia jibu lake katika siku hizo, amevaa shati la kanisani. Alitaka breveti yake kabla mambo hayajaharibika zaidi. Alisema hata wakimnyang'anya nyumba, atakuwa na kitu chenye jina lake. Chef alimwacha asimame. Akauliza, "Origine?" na Yaya, akidhani utani ule ungali hai, akajigonga paji la uso. "Kichwa yangu, Chef." Hakuna aliyecheka. "Minauliza weye, hapana mbabula," Chef akasema. "Kijiji ya nkambo yako, baba ya baba yako, iko wapi?" Yaya akasema yeye amezaliwa hapa hapa, katika hospitali ya kampuni, na aliyemkata kitovu ni mama wa Kilunda. Chef akamjibu kwa sauti yake ile ya chini, "Hata panya inazaliwaka hapa." Yaya aliniangalia mimi, kisha akatazama jikoni, ambako mbabula yake ilikuwa inachemsha maji ya bukari yetu. Alivaa kofia yake akatoka.

Siku chache baadaye Chef alipata mgeni, mmoja wa wakubwa wa wale vijana, mtu wa miwani mieusi aliyekuwa akigawa nyumba za waliofukuzwa. Nilikuwa koridoni napiga barua. Nilimsikia mgeni akisema, "Manyumba tunagabula, mashamba tunagabula. Na weye, Chef, utapata nini?" Chef akacheka kidogo. "Chukueni manyumba. Mi nitakamata bile biko mu bichwa yabo." Vidole vyangu vilisimama juu ya mashine. Chef akasikia kimya hicho, akaita, "Madame Muteba, munachoka?" Nikasema hapana, nikaendelea kupiga. Maneno yale nimeyabeba hadi leo, na hakuna padri aliyeweza kunipokonya.

Yaya alitolewa nyumbani kwake asubuhi, mkewe akiwa na sufuria mkononi. Waliwapeleka stesheni pamoja na maelfu ya wengine, wakaambiwa wangoje treni ya kwenda Kasai, treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Walilala kwenye jukwaa, kwenye mabehewa mabovu, chini ya mashuka yaliyofungwa kwenye nguzo. Nilimpelekea chakula kila nilipoweza. Sikumkuta akilalamika hata siku moja. Nilimkuta akichora ardhini kwa kijiti jinsi ya kuifanya mbabula kubwa zaidi, ya kupikia watu wengi, maana akina mama pale stesheni walipikia mawe matatu na upepo uliwazimia moto. Vijana walilinda milango. Aliyejaribu kurudi mjini alipigwa.

Na hapo ndipo Chef alipobandika wito. Siku ile hakunipa nipige; alijipigia mwenyewe kwa vidole viwili, na mimi nikamsikia akihangaika na mashine bila kujua anaandika nini. Asubuhi nikakuta karatasi mlangoni: Mukendi Kabuya aje mwenyewe kutetea mbabula yake. Chini yake zilifuata karatasi nyingine, za fundi wa valvu, za mtu wa mtego wa panya, wote Wakasai, wote wakiwa stesheni. Alijua walipo. Mji mzima ulijua walipo. Harufu ya moshi wao ilifika mpaka kwenye baraza letu. Nikakimbia stesheni. Yaya aliinuka akapangusa suruali, akaenda hadi kwenye lango, na kijana mmoja, ambaye naapa tulimfahamu tangu akinyonya, akamsukuma kifuani. "Kilulu inaenda wapi?" Yaya akamweleza kwamba anaitwa na serikali. Wale vijana walicheka hadi wakakaa chini. Ndipo akaniambia nisimame badala yake: "Odile, weye njo utajibu. Damu yetu ni moja."

Siku ya wito nilivaa viatu vyangu vizuri. Walioitwa kabla ya Yaya walifungiwa mafaili yao haraka haraka, mmoja baada ya mwingine. Tata Kapenda alisimama ukingoni mwa baraza na kuvuta pumzi. "Mukendi Kabuya!" Wauza karanga waligeuka. "Mukendi Kabuya!" Sauti ilikuwa imepungua. Mara ya tatu ilikuwa ya kunong'ona, na Chef akapaza sauti kutoka chumbani, "Nguvu, Kapenda!" Akaita tena kwa nguvu, na mimi nikasimama koridoni nikasema, "Niko! Niko mu mahali yake." Chef alitoka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitoka kwa ajili ya wito. Akaniuliza, "Weye njo Mukendi?" Nikasema, "Mi ni ndugu yake, Chef. Ye iko ku stesheni, mulimuona, batu yote balimuona." Akanitazama bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyonitia wazimu. "Wito inasema mwenyewe." Kisha akamgeukia Tata Kapenda. "Alikuya?" Tata Kapenda aliniangalia, akaangalia viatu vyake. Alikuwa na watoto wengi, na mkewe alikuwa Mkasai amefichwa nyumbani. Akajibu, "Hakukuya, Chef." Na dossier ikafungwa. Mchana ule zamu ya kupika ilikuwa yangu. Chef alinawa mikono, akakaa, akala. Sisemi niliweka nini kwenye sombe, ila kesho yake hakufika kazini.

Treni ilikuja hatimaye. Iliondoka na Yaya akiwa tayari anahara, kama wengi wao, na alifia njiani baada ya Kamina. Waliomshusha walimzika kando ya reli, kwenye stesheni ndogo ambayo jina lake kila aliyekuwapo analitaja tofauti. Sina kaburi la kupalilia. Watu wa kanisa wananiambia nisamehe, nipate amani. Ninayo amani yangu, ahsante, na imejengwa juu ya chuki hii; mkiiondoa nitaanguka.

Kabla ya majani kuota kwenye reli, Chef aliandikisha mbabula ile kwa jina lake mwenyewe. Sheria ilimkataza mtu wa ofisi kuomba breveti, lakini sheria ilikuwa ndani ya kabati lake la nguo. Kwenye origine aliandika: Katanga. Akaiita Foyer Mwepu, yaani jiko la Mwepu, akapata karakana ya kuitengeneza, na magavana walikuja kupiga naye picha. Hakubadilisha chochote, hakujua kipi abadilishe. Alimpa fundi mchoro wa Yaya vilevile ulivyokuwa, na mlango ukabaki upande wa kushoto. Siku ya kuionyesha kwa wageni kutoka Lubumbashi, aliinama na suti yake ya kijivu kuufungua, akapitisha mkono wa kulia mbele ya moto, na pindo la mkono wa shati likashika moto. Alipiga yowe. Alibaki na kovu kwenye kifundo cha mkono, na kila alipotia saini nililiangalia kovu lile mpaka akaona ninaloliangalia.

Watu wananiuliza kwa nini sikuacha kazi. Nilibaki ili nimtazame. Na nilibaki kwa jambo moja zaidi: Chef aliandika Kifaransa cha kutia aibu, na kwa miaka yote nilikuwa nikimsahihishia kimya kimya ninapopiga mashine. Tangu siku ile ya wito nilianza kupiga kama alivyoandika, kosa kwa kosa, herufi kwa herufi, na chini nikapiga jina lake na cheo chake chote. Nilisikia baadaye kwamba huko Kinshasa barua zake zilisomwa kwa sauti wakati wa chai. Alingojea kupandishwa cheo hadi akastaafu. Wakati mwingine alitoka chumbani na barua mkononi, akaniuliza, "Madame Muteba, hii iko bien, iko muzuri?" Nami nikamjibu, "Iko vile muliandika, Chef." Zilikuwa raha zangu ndogo, na sikuungama hata moja.

Basi nikaenda kilioni. Hema lilikuwa kubwa, viti vya plastiki, spika mbili, na picha ya marehemu akiwa na suti yake. Nilikaa mbele na maua yangu ya njano, na akina mama walinong'onezana juu ya kitenge changu. Pembeni yangu walimkalisha Tata Kapenda, ambaye siku hizi haoni tena na huongozwa kwa mkono. Mpwa wa marehemu alishika maikrofoni akasoma maisha yake: mtumishi wa serikali, baba wa wengi, mvumbuzi wa mbabula inayopika Katanga nzima. Watu wakapiga makofi. Nikainuka kwenda nyuma kutafuta maji. Kule nyuma ndiko walikopikia, mbabula zimepangwa kwenye ukuta mzima, bukari inasongwa, mbuzi wawili wako motoni. Msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni alipiga kelele, "Mulete mukendi ingine huku, hii imejaa!" Nikadhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza alichosema. Akanionyesha mbabula. "Hii, mama. Mukendi." Nikamuuliza kwa nini inaitwa hivyo. Akainua mabega. "Njo jina yake. Soko yote banaita vile. Labda njo marque, jina ya biashara." Kisha akainama, akaufungua mlango mdogo kwa mkono wa kushoto bila kufikiri, akatoa majivu, akaufunga. Mkono wake mwingine ulikuwa na mwiko. Alikuwa mtu wa mkono wa kulia.

Nilisimama pale moshi ukinitoa machozi, na safari hii yalikuwa machozi kweli. Yaya alisema watazoea. Hata nyumbani kwa mwizi, siku ya kumzika mwizi, wanawake walikuwa wakimwita kaka yangu kwa jina bila kujua ni mtu. Nilikuja kula nyama ya yule bwana na kuonyesha maua yangu, basi. Sikuwa nimepanga zaidi. Lakini niliporudi hemani, mtoto mkubwa wa marehemu alikuwa akitafuta shahidi kutoka kazini. Akaniona. "Mama Odile, mulitumika kazi na baba myaka mingi. Museme kidogo." Akanipa maikrofoni, maskini, kwa mikono miwili.

Nikasema, "Mi nilitumika na Chef Mwepu mu ofisi ya breveti. Mu ofisi yetu, mutu akiwa na kitu ya kutetea, tulikuwa tunamuita. Leo minamuita ye." Kukawa na minong'ono ya kuridhika; walifikiri ni namna ya kuomboleza, na mama mmoja akaanza kulia kwa sauti. Nikaendelea, "Mu wito banaandikaka juu ya nini mutu anaitwa. Minaandika: mbabula ya Mukendi Kabuya, yaya yangu, fundi ya kusude machuma, ile balipakia mu treni juu ya kabila yake, na jina yake bakaipangusa mu dossier." Yule kijana wa marehemu alinyoosha mkono kuchukua maikrofoni, nami nikaishika kwa nguvu zote ambazo mwili wa mama wa umri wangu unazo.

"Mwepu Kabamba!" nikaita. Spika zilikoroma. "Mwepu Kabamba!" Kijana akarudi hatua moja, kwa kuwa alikuwa amewaona wazee wa safu ya pili, wastaafu wa kampuni, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akinikemea, walitazama chini. Nikageuka kuielekea picha, suti ya kijivu na mikono misafi, nikavuta pumzi kama nilivyomwona Tata Kapenda akivuta. "Mwepu Kabamba!" Nikangoja. Nilimpa muda wote ambao yeye hakumpa Yaya. Kisha nikauliza, si kwa sauti kubwa, "Alikuya?"

Sikutegemea jibu. Ndipo kutoka kwenye kiti kilicho pembeni ya changu, ikatoka ile besi, imezeeka lakini imenyooka, ya mtu aliyekuwa amekaa na jibu hilo kooni tangu siku ile.

"Hakukuya, Chef," akasema Tata Kapenda, na uso wake usioona ulikuwa umenielekea mimi.

"Dossier inafungwa," nikasema. Nikamrudishia kijana maikrofoni yake, nikapita katikati ya viti hadi nyuma, na kabla ya mtu mwingine yeyote, nikanawa mikono.